Mkono Uliomimina Tui

Niliacha kazi mwaka huu baada ya Idi, na Rehema, aliyeishika kamera niliyoiacha, ameniomba nimwachie maandishi. Anataka vipimo: taa ikae wapi, maziwa yawe baridi kiasi gani, kamba wa baharini warushwe kwa mpira au kwa springi. Baadhi nitavitaja. Vingine keshanipita, alhamdulillahi. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa kuwa havijamfundisha mtu yeyote kumimina kitu.

Kabla ya kamera nilikuwa nauza mahamri na mbaazi hapa mtaani Langoni, Lamu, kwenye baraza ya nyumba yetu. Mume wangu Lali alikuwa fundi wa injini za boti. Bwana Aboud alikuwa mteja wangu wa asubuhi. Ni mtu wa Lamu aliyefanya kazi ya kamera Nairobi miaka mingi, kisha akarudi akafungua studio katika ghorofa ya chini ya nyumba ya marehemu mamake. Kazi yake ilikuwa kupiga matangazo ya vyakula ya televisheni, yale ambamo tone la samli huanguka polepole kama lina hiari ya kutoanguka. Watu walimcheka. Nani atatoka Nairobi na chupa yake ya sosi aje ipigwe picha Lamu? Yeye alijibu kwamba kule kila lori likipita barabarani picha hutetemeka, na kuta hizi za mawe ya matumbawe, nene kama mkono wa mtu ulionyooshwa, hazitetemeshwi na kitu. Alikuwa amewasahau punda. Baadaye walimkumbusha.

Asubuhi moja alisimama pale barazani akinitazama nikimimina tui juu ya mbaazi, mpaka zamu yake ikampita.

"Bi Zena," akasema, "waweza kumimina hivyo mara thelathini, kila mara sawasawa?"

"Thelathini? Wateja wangu wote hawafiki thelathini, Bwana Aboud."

"Ni kwa mtu mmoja. Naye hali chakula."

Nilidhani ana homa. Nilipomweleza Lali mchana, alicheka mpaka akaweka spana chini. "Mimi wanilipa nizuie kitu kisivuje," akasema, "na wewe wakulipe umwage. Enda."

Siku yangu ya kwanza naikumbuka kwa joto. Taa zilikuwa nne, kubwa kama masufuria ya harusi, na zote zilielekezwa kwenye kibakuli kimoja kidogo cha mbaazi. Kamera ile hupiga picha elfu moja na zaidi kwa sekunde moja, na kila picha yataka mwanga wake, kwa hivyo mwanga unaomtosha mtu kusoma msahafu kwa kamera hiyo ni giza. Kati ya lenzi na kibakuli palisimamishwa kioo, kama cha kuwekea samaki wa mapambo, ili tui lisirukie lenzi. Nilimimina. "Tena," akasema Bwana Aboud. Nilimimina. "Tena. Mkono juu kidogo." Mara ya kumi na tatu punda alipita kichochoroni na matofali mgongoni, na uso wa tui ukapiga mikunjo kama kitambaa. Tukangoja apite. Mara ya thelathini na moja akaniita kwenye skrini, "Ndoo uone."

Kwenye skrini niliona tui likishuka kama utambi, likagusa mbaazi, likainuka pembeni na kusimama duara, kama taji lenye ncha, na juu ya kila ncha tone moja limetengana na wenzake. Nilikuwa nimemimina tui maisha yangu yote, na mama kabla yangu, na sikujua kwamba lilikuwa likifanya vile kila siku mbele ya macho yangu. Nilisema "Subhanallah" nikakaa chini. Bwana Aboud alizima taa mbili ili chumba kipoe, akaniletea maji. Alikuwa amenipata.

Alinifundisha miaka mingi, na hakuwahi kunifundisha akiwa amekaa. La kwanza lilikuwa kitufe. Mgeni wa kazi hii hudhani unabonyeza kabla ya jambo kutokea. Sivyo. Kamera hurekodi muda wote na kuzifuta sekunde za nyuma. Ukibonyeza ndipo inapozishika zile chache zilizopita. Basi unaacha tone lianguke, unaacha litulie, ndipo unabonyeza. Mwenye pupa hupata picha ya kibakuli kitupu. Nami nilizipata nyingi.

La pili lilikuwa taa. Taa ya kawaida ya stima huwaka na kufifia kwa kasi ambayo jicho haliioni, lakini kamera yetu huiona, na picha hutoka ikipepesa kama mtu mwenye jambo la kuficha. Zinunuliwe taa zisizopepesa, na jenereta ikae uwanja wa nyuma, juu ya magodoro mawili. La tatu lilikuwa ukaribu. Ukiikaribia punje ya wali kiasi kile, upande wa mbele wa punje huonekana na wa nyuma umepotea. Ukivuta pumzi, umeikosa. Nimejifunza kushika pumzi kuliko wapiga mbizi, na sikupata hata lulu moja.

Vyombo vyetu vilikuwa vya hospitali na vya jikoni: sirinji, vibanio vya nyusi, brashi za rangi za watoto, pamba. Kamba wa baharini warushwe kwa mpira wa manati, Rehema, si kwa springi. Springi huwapindua wote upande mmoja kama askari. Jasho la chupa ya soda ni glisirini na maji, nusu kwa nusu. Moshi wa chakula hudumu dakika moja tu, na hakuna dua ya kuurefusha.

Jambo moja Bwana Aboud alilishikilia tangu siku ya kwanza. Kinacholika kiliwe. Alichukia studio za kwingine wanakomimina gundi mahali pa maziwa na kupaka nyama rangi ya viatu, kisha vyote vikaenda jaani. "Hiyo ni israfu juu ya uongo," alikuwa akisema. Kila jioni masinia yalitoka studio yakaenda kwa majirani, na kama siku hiyo tumepiga aiskrimu basi kichochoro chote kilijua.

Sasa nifike kwenye lile ambalo katika daftari letu la vipimo halimo.

Mwaka mmoja macho ya Bwana Aboud yalianza kumsumbua, akapelekwa Mombasa kupasuliwa, akakaa huko miezi kadhaa. Studio akaniachia mimi. Wiki aliyoondoka ikaja kazi ya tui la pakiti. Sitaitaja kampuni, na pakiti yenyewe haiuzwi tena. Kutoka Nairobi alikuja msichana wa kampuni ya matangazo, Brenda, mtu mwema, mwenye haraka, simu mbili mkononi. Picha iliyotakiwa ilikuwa rahisi: mkono wa mwanamke wa Pwani ukimimina tui kwenye sufuria ya wali, karibu kabisa, polepole. Mkono ulikuwa wangu, nimepaka hina, na pete ya fedha ya bibi yangu yenye kito cha kijani.

Tulifungua pakiti. Lililotoka lilikuwa jepesi, la kijivu kidogo. Nililipoza kwenye barafu, nikasogeza taa nyuma, nikabadilisha mtungi. Likianguka halikusimama taji. Lilitawanyika kama maji ya kuoshea mchele.

"Bi Zena, hii inakaa maji," Brenda akasema. "Bosi akiona hivi, mimi nimeisha. Na ndege yangu ni kesho asubuhi."

Hakuniambia nifanye nilichofanya. Nataka hili lieleweke. Mimi ndiye niliyesema, "Ngoja." Nilienda nyumbani, nikachukua nazi mbili, nikakaa kwenye mbuzi nikazikuna, nikakamua kwa kifumbu cha mama, tui la kwanza tupu, zito. Nikarudi nalo, nikalitia kwenye mtungi uleule, pakiti ikasimama kando. Nikamimina mara moja tu. Lilishuka kama hariri. Brenda alinikumbatia. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliona ni ufundi.

Tangazo lilipotoka, mtaa mzima uliujua mkono. "Tumekuona kwenye televisheni, Bi Zena!" Hata wanawake wa Mkomani, upande wa pili wa mji, ambao hawanijui, walinitazama pete sokoni. Lali ndiye peke yake aliyeuliza. Aliitazama ile picha, akasema, "Lile ni tui la kwako. Nalijua." Nikamwambia ni mambo ya kazi.

Milango mitatu kutoka kwetu aliishi Bi Mwanaesha, mjane, aliyejulikana Langoni kote kwa wali wake. Harusi zilingoja siku ambayo Bi Mwanaesha ana nafasi. Lakini vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo, mbuzi hawezi kuikalia tena wala kifumbu kukikamua. Ndipo binti yake wa mwisho, Nuru, akaposwa na watu wa Siyu, kisiwani Pate. Mama hataki mtu mwingine ampikie harusi ya mwanawe. Akanunua tui la pakiti, makatoni na makatoni, na hakuniuliza. Aniulize nini, na mkono wangu ameuona?

Siku ya walima, karamu ya harusi, nilitoka studio baada ya adhuhuri, nikafika wakati masinia yanarudi. Yalikuwa yakirudi yamejaa. Wali ulikuwa mkavu, punje moja moja, na mchuzi wa samaki umekatika, maji huku na mafuta kule. Wageni wa Siyu walikula matonge mawili matatu kwa adabu, wakanawa. Nilipita mpaka uani. Bi Mwanaesha alikuwa amekaa kwenye kibao katikati ya pakiti tupu, bado ana leso ya jikoni kiunoni.

"Ndoo, Zena," akasema. "Nambia. Nimekosea wapi? Nimetia kama ulivyotia weye."

Ilikuwa nafasi yangu. Nilikuwa na mlango ulio wazi na mtu aliyeniuliza kwa jina langu. Nikasema, "Labda moto ulikuwa mkali, Bi Mwanaesha."

Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali. "Huenda," akasema. "Nimezeeka."

Rehema, kesi ngumu za kazi hii si barafu wala asali. Ile ndiyo kesi yangu ngumu. Kile nilichokitia kwenye mtungi kilikuwa uongo wa pili kwa ukubwa. Mkubwa ni huu wa moto, maana mwanamke yule aliuchukua akaufanya wake. Siku zilizofuata nilisikia vichochoroni watu wakisema kwamba Bi Mwanaesha kwisha, harusi zitafutiwe mpishi mwingine. Nilipita nikasalimu.

Bwana Aboud alirudi wiki hiyohiyo ya harusi, jicho moja limefunikwa. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Akaniambia nimwekee ile picha. Akaisogelea skrini na jicho lake moja mpaka pua ikaribie kugusa, akaitazama mwanzo mpaka mwisho, akataka tena.

"Nzuri," akasema. "Ndio ubaya wake."

"Nifanye nini, Bwana Aboud?"

"Kazi ni yangu na jina la studio ni langu. Barua kwa mteja tutaiandika pamoja, mimi natia sahihi. Lakini kwa Bi Mwanaesha siwezi kukwendea. Ndia hiyo ni yako peke yako."

Tuliandika kwamba lililomiminwa halikutoka kwenye pakiti, na kwamba tuko tayari kupiga picha upya bila malipo. Brenda alinipigia simu. Hakukasirika, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Bi Zena, ungeniambia tu mimi. Kwa nini mmeandika?" Kampuni haikujibu. Tangazo liliendelea mpaka muda wake ukaisha, na mteja yule, aliyekuwa mkubwa wetu kuliko wote, hakuturudia. Kwa miezi kadhaa kila nilipoingia nyumba ya mtu na televisheni imewashwa, niliangalia sakafu.

Kwa Bi Mwanaesha nilichagua siku ya saba, ya kumaliza fungate, wakati wakwe wa Siyu wanakuja kumwona bi harusi. Ningeweza kwenda siku nyingine, nikamkuta peke yake. Lakini aibu yake ilikuwa mbele ya watu, na malipo ya faragha kwa deni la hadharani ni ujanja. Wanawake wa Siyu walikuwa wamepandia boti bandari ya Mtangawanda alfajiri na wamejaa chumbani, mama mkwe wa Nuru katikati. Nilimbusu Bi Mwanaesha mkono, nikabaki nimesimama.

"Nina neno," nikasema. "Wali wa harusi haukuharibiwa na Bi Mwanaesha. Tui mliloniona nikimimina kwenye televisheni nalilikamua mwenyewe, kwa nazi za kwangu. Halikuwa la pakiti. Yeye aliuona mkono wangu akauamini, na aliponiuliza jikoni nikamwambia ni moto. Haukuwa moto."

Nuru aliacha kumimina kahawa. Bi Mwanaesha alinigeukia.

"Nalikuuliza," akasema taratibu.

"Uliniuliza, Bi Mwanaesha."

"Kwa nini hukunambia?"

"Niliona haya."

"Ukaona haya weye, ukanivika mimi." Akaviangalia vidole vyake. "Kinwa huongopa, Zena, hilo nalijua tangu utoto. Mkono sikuyua kwamba nao huongopa."

Mama mkwe wa Nuru, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, akasema, "Basi mpishi wetu hana lawama. Na huyu amesema mbele yetu." Alitaka kunisaidia. Bi Mwanaesha alinionyesha mlango kwa kidevu.

"Nimesikia, Zena," akasema. "Enda zako."

Nilikwenda. Jina lake lilirudi. Watu wa Siyu walilibeba wakalieneza, na mwaka uliofuata alikuwa akisimamia harusi tena, vijana wakimkunia nazi na yeye amekaa na mwiko wake. Mimi alinijibu salamu kwa miaka yote iliyofuata. Salamu tu.

Studio tulitunga sharti moja, nalo mnalijua, Rehema na wenzako: kilichoandikwa kwenye pakiti ndicho kinachomiminwa. Sharti hilo lilitukosesha wateja na lilitufundisha kazi. Kitu chepesi kina uzuri wake kama hukilazimishi kuwa kizito. Kipozeni mpaka ukingo wa kuganda. Kimimineni kutoka chini, karibu, kwa mdomo mwembamba. Mwanga utoke nyuma, upite ndani yake. Uji wa mtama tulioupiga kwa akina mama wa kijiji cha Mkokoni, uji mwepesi wa watu wasio na vingi, ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kupiga, na hauna hata tone moja la udanganyifu. Tuliunywa wote tulipomaliza, na ulikuwa kama ulivyoonekana.

Jicho la pili la Bwana Aboud nalo likafifia. Alikuwa akija studio akakaa kwenye kiti karibu na mlango, akisikiliza. Kwa sauti ya kitu kikianguka aliweza kusema, "Hiyo siyo. Mkono umesita." Siku hizi haji tena. Ijumaa mjukuu wake humshika mkono kwenda msikitini, na nikimkuta njiani huniuliza leo studio imepiga nini. Nami humweleza mpaka tone la mwisho.

Siku moja mwaka jana Lali aliamka salama, akafanya kazi asubuhi kwenye injini ya boti ya jirani, akarudi akalala kabla ya alasiri na hakuamka. Walimzika kabla ya magharibi. Nyumba ilijaa watu, na mimi nikakaa kwenye mkeka chumbani, nimegeukia ukuta. Jiko letu halikuwashwa, kama ilivyo desturi, na kesho yake majirani walileta vyakula. Kila sinia lilipoingia niliambiwa nile, nikashindwa.

Kisha nikasikia wanawake wakipisha mlangoni. Nuru aliingia na sinia kichwani lililofunikwa kawa, na nyuma yake Bi Mwanaesha akishika ukuta, hatua moja moja. Ni mzee sana sasa. Walimsaidia kukaa, mkekani hapo hapo, goti lake likigusa langu. Akafunua kawa. Mvuke ukatoka, na harufu ya wali wa tui la kwanza, zito, lililokamuliwa asubuhi ile.

"Kula, Zena."

"Siwezi, Bi Mwanaesha."

"Nimekuna mwenyewe," akasema. "Tangu alfajiri. Kula."

Niliitazama mikono yake. Vidole vilikuwa vyekundu, vimevimba zaidi ya nilivyovijua, na kwenye kimoja palikuwa na mkato mpya wa mbuzi, haujakauka. Akafinyanga tonge, polepole, kwa uchungu nilioweza kuuona, akaliinua mpaka midomoni mwangu kama analisha mtoto.

Maisha yangu ya kazi sikupata kukitazama chakula bila kujiuliza mwanga unakipiga upande gani. Siku ile sikukitazama. Nilifumba macho, nikafungua kinywa, nikala.